Ratiba Iko Mikononi mwa Nani?

Mikutano ya klabu yetu huanza saa 1 jioni kila Jumatano, na kila mwaka tunapoteza wanachama wa aina moja. Si wavivu, wala si wale waliochoshwa na ngeli. Ni wanaoishi nje ya mji, kwa wazazi wao, katika miji midogo na vijiji vilivyo mwendo wa dakika 40 hivi kutoka chuoni. Wanakuja Septemba na Oktoba kwa bidii. Ikifika Novemba wanaanza kutazama saa hata kabla chai haijamiminwa, kwa kuwa basi la mwisho la kurudi kwao huondoka saa 1:30. Ikifika Januari hatuwaoni tena.

Mwaka huu tuliacha kuwauliza kwa nini hawaji. Tukauliza swali jingine: kwa nini hakuna basi? Tulizungumza na wanachama na wazazi wao, tukasoma sheria na ripoti, na tukakuta kwamba jibu lina historia ya miaka 40. Tulidhani tunaandika juu ya kaskazini ya England tu. Kumbe Nairobi nayo imo.

Kwanza tuwaeleze wasomaji wetu waliokulia London, maana wao ndio walioshangaa kuliko wote. London basi jekundu likikupita, unangoja dakika chache linakuja jingine. Kadi ni moja, nauli ni moja, na hata usiku wa manane kuna basi. Wenzetu hao walipofika huku walidhani mabasi yana hitilafu ya muda, kama mvua, kwamba itapita. Haijapita. Hali hii ilitungiwa sheria.

Siku 42, kwaheri

Hadi miaka ya 1980, mtu hakuweza kuanzisha njia ya basi Uingereza apendavyo. Tangu sheria ya mwaka 1930 ilibidi apate leseni ya njia yenyewe. Mabasi mengi ya mikoani yalikuwa mali ya umma. Mengine yalikuwa ya halmashauri za miji, na mengine ya National Bus Company, shirika la taifa lililoanza kazi mwaka 1969 likihudumia England na Wales.

Serikali ya Margaret Thatcher iliuona mfumo huo kuwa mzito na wa gharama, na kweli abiria walikuwa wakipungua mwaka hadi mwaka kadiri watu walivyonunua magari. Waziri wa Uchukuzi, Nicholas Ridley, aliamini kwamba ushindani ungeshusha nauli na kurudisha abiria. Bunge likapitisha Sheria ya Uchukuzi ya mwaka 1985, na tarehe 26 Oktoba 1986 biashara ya mabasi ikafunguliwa kote Uingereza, isipokuwa London na Ireland ya Kaskazini. Tangu siku hiyo, mwenye leseni ya kuendesha mabasi aliweza kuanzisha njia yoyote, kwa saa azitakazo na nauli aitakayo. Alichotakiwa ni kuiandikisha siku 42 kabla. Akitaka kuifuta, ilikuwa vivyo hivyo: siku 42, kwaheri. National Bus Company nayo ikakatwakatwa na kuuzwa vipande vipande kati ya 1986 na 1988.

Hapa inafaa tueleze jambo moja ambalo sisi wenyewe hatukulielewa mpaka tulipolichora ubaoni. Zamani njia iliyonona ilikuwa inailisha njia iliyokonda. Basi la kutoka mjini kwenda hospitali kubwa lilijaa kutwa na kuleta faida. Basi la kijijini lilibeba watu sita na kuleta hasara. Kwa kuwa yote mawili yalikuwa ya mfuko mmoja, faida ya la kwanza iliziba pengo la la pili. Sheria mpya iliukata uzi huo. Kila njia ilitakiwa isimame kwa miguu yake. Njia isiyo na faida kampuni iliiacha, na kama halmashauri iliona watu wanaihitaji, ilibidi itangaze zabuni na kuilipia kwa ruzuku. Yaani faida ikaenda kwa kampuni, na hasara ikabaki kwa halmashauri.

Mpango huo ungeweza kusimama iwapo halmashauri zingekuwa na fedha. Baada ya mwaka 2010 serikali kuu ilipunguza sana fedha za halmashauri, na ruzuku za mabasi ni miongoni mwa vitu vya kwanza kukatwa, kwa sababu sheria hailazimishi halmashauri kuzitoa. Cumbria ilifuta ruzuku zake zote mwaka 2014, na Oxfordshire ikafuta zake mwaka 2016. Huko mashambani basi lilikuwa likija mara nne kwa siku, likaja mara mbili, likaja Jumanne na Ijumaa, kisha halikuja.

Hata pale njia isipofutwa, hupunguzwa kwa mtindo ambao wanachama wetu wanaujua kwa moyo. Kwanza huondoka basi la usiku, kwa kuwa lina abiria wachache. Halafu la Jumapili. Mtu anayerudi kazini saa 3 usiku sasa hawezi kurudi kwa basi, kwa hiyo hata asubuhi halipandi, ananunua gari. Basi la asubuhi nalo linapungukiwa. Mwaka unaofuata kampuni inasema, kwa takwimu za kweli kabisa, kwamba abiria wamepungua.

Fahali wawili

Miaka ya kwanza baada ya 1986 palikuwa na ushindani kweli, lakini ulikwenda pale penye abiria tu. Manchester, kwenye Wilmslow Road, barabara inayopita mbele ya vyuo vikuu, mabasi ya kampuni mbalimbali yalifuatana kama siafu, yakigombea wanafunzi, huku vitongoji vingine vya mji huo huo vikingoja. Waliokulia Nairobi na Dar es Salaam wataitambua picha hiyo: matatu au daladala kumi kwenye kituo chenye watu, na hakuna hata moja kule mwisho wa lami.

Kisha wakubwa wakaanza kuwameza wadogo. Kisa kinachotajwa zaidi ni cha Darlington, mji wa kaskazini mashariki ya England. Mwaka 1994 halmashauri ya mji huo ilikuwa inaiuza kampuni yake ya mabasi. Kampuni ya Stagecoach iliingia mjini, ikawachukua madereva wa kampuni ya mji kwa kuwapa bakshishi nono, ikaendesha mabasi yake bure katika njia zile zile. Mnunuzi aliyekuwa amepatikana akajitoa, na kampuni ya mji ikaanguka. Mwaka 1995 tume ya serikali inayochunguza ukiritimba iliushutumu vikali mwenendo huo ikasema ulikwenda kinyume na maslahi ya umma. Lakini kufikia hapo Darlington haikuwa tena na kampuni yake. Fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, na safari hii hata fahali mmoja alikwisha kuchinjwa.

Mwisho wa vita hivyo haukuwa ushindani. Kampuni kubwa tano ndizo zilizobaki zikitawala: Stagecoach, First, Arriva, Go-Ahead na National Express. Katika miji mingi mwenye mabasi ni mmoja tu, na jirani yake mkubwa yuko mji wa pili. Abiria akichukia huduma, hana pa kuhamia. Ukiritimba wa umma uliondolewa, ukaja ukiritimba wa kampuni binafsi, tena usio na diwani wa kumlalamikia.

Jina ambalo mama alilijua

Mwenzetu mmoja alipomsomea mama yake rasimu ya makala haya kwa simu, mama alimkatiza. "Stagecoach? Hao si ndio waliokuwa na KBS?" Mama huyo alisoma sekondari Nairobi miaka ya 1990 na kila siku alipanda basi la KBS kutoka Eastlands hadi mjini. Tulifuatilia, tukakuta kumbukumbu yake ni sahihi.

Kenya Bus Services ilianza Nairobi mwaka 1934. Mwaka 1966 iliingia mkataba na Halmashauri ya Jiji: kampuni ilipata haki ya kuendesha mabasi ya jiji, na jiji likapata asilimia 25 ya hisa. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni zile zilizohitajika awali, na tangu hapo KBS ilikuwa na mshindani. Stagecoach, iliyoanzishwa na ndugu wawili, Brian Souter na Ann Gloag, huko Perth, Scotland, mwaka 1980, iliinunua KBS mwaka 1991, Nairobi na Mombasa pia. Mwaka 1998 iliiuza kwa wawekezaji wa Kenya ikaondoka.

Tulizungumza sana juu ya miaka hiyo saba, kwa sababu inafundisha kitu. Kule Nairobi mambo yalikuwa yamegeuka. KBS ndiyo iliyokuwa na njia zilizopangwa, ratiba, na mabasi makubwa yanayopita hata saa ambazo watu ni wachache. Matatu hazikubanwa na ratiba. Zilitoka zikijaa, zilipita pale penye abiria, na mvua ikinyesha nauli ilipanda. Yaani kampuni ile ile iliyonufaika Uingereza kwa uhuru wa kuchagua njia nono, ilipofika Nairobi ilichaguliwa njia zake nono na wengine, na ikaona uchungu wake.

Kwa hiyo hatusemi kwamba wenye kampuni ni watu wabaya kuliko wengine. Mfanyabiashara akiachiwa achague, atachagua penye faida, awe na mabasi 8,000 au nisani moja yenye muziki mkubwa. Tatizo ni kwamba basi si machungwa. Muuza machungwa asipokuja Jumapili, utakula embe. Basi lisipokuja Jumapili, mama yako hafiki kazini.

Walioachwa kituoni

Tuliwaomba wanachama waandike safari moja waliyoshindwa kuifanya mwaka huu. Tulipata karatasi nyingi kuliko tulivyotarajia. Tunasimulia tatu, bila majina ya watu wala ya kampuni.

Mama wa mwenzetu wa kwanza, mzaliwa wa Mombasa, anahudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee. Zamu ya Jumapili huanza saa 1 asubuhi. Basi la kwanza la Jumapili hupita saa 3. Hivyo kila Jumapili analipa teksi, na teksi hiyo inakula zaidi ya saa moja ya mshahara wake. "Kwetu Likoni tulikuwa tunangoja feri," alituambia, "tunangoja, tunalalamika, lakini feri ilikuwa inakuja."

Wa pili ni bibi wa mwenzetu kutoka Unguja. Ana kadi ya wazee inayomruhusu kupanda mabasi bure kote England, mpango ambao upo tangu mwaka 2008. Kwenda kliniki ya macho anahitaji mabasi mawili, ya kampuni mbili. La kwanza hufika stendi saa 4:10. La pili huondoka saa 4:05. Hakuna aliyefanya hivyo kwa makusudi. Ni ratiba mbili zilizoandikwa katika ofisi mbili ambazo hazilazimiki kusemezana. Bibi anakaa stendi karibu saa nzima na kadi yake ya bure mkononi, na mara mbili ameikosa miadi. Sasa anangoja mjukuu apate siku ya mapumziko, aombe gari la rafiki.

Wa tatu familia yake ilitoka Bukavu, ikapewa nyumba katika mji mdogo ambao zamani ulikuwa wa machimbo ya makaa ya mawe. Alipomaliza kidato cha tano hapa, alitaka kusoma kemia katika chuo cha mji wa jirani. Mwaka ule ule basi la asubuhi la kwenda huko lilifutwa. Akabaki katika shule ya karibu ambayo haikuwa na kemia ya ngazi ile, akachukua masomo mengine. Leo yuko nasi chuoni, anafanya vizuri, wala halalamiki. Lakini tulipomuuliza kwa nini hakusoma udaktari, alijibu kwa neno moja: "Basi."

Karatasi hizi hazionekani katika hesabu ya kampuni yoyote. Kampuni huhesabu waliopanda, na safari isiyofanyika haikati tiketi.

Wenye mabasi wako wapi?

Tulipojaribu kujua barua ya malalamiko ipelekwe kwa nani, tuligundua kwamba wenye mabasi wenyewe wamekuwa wakibadilika. Mwaka 2010 Arriva ilinunuliwa na Deutsche Bahn, shirika la reli la Ujerumani, ambalo ni mali ya serikali ya huko. Kwa hiyo kwa miaka zaidi ya kumi mabasi ya miji mingi ya Uingereza yalikuwa mali ya umma kweli, ila umma wa Ujerumani. Mwaka 2024 Arriva ikauzwa kwa I Squared Capital, mfuko wa uwekezaji wenye makao Miami. Mwaka 2022 Stagecoach ilinunuliwa na mfuko unaosimamiwa na DWS ya Ujerumani, na mwaka huo huo Go-Ahead ikachukuliwa na Kinetic ya Australia na Globalvia ya Uhispania.

Mwekezaji kutoka nje si dhambi. Sisi wenyewe ni watoto wa watu waliotoka nje. Jambo la kuangalia ni umbali kati ya mwenye uamuzi na mwenye safari. Meneja wa depo anaijua njia ya kijijini na anawajua hata abiria wake kwa sura. Lakini yeye hupewa lengo la faida na walio juu yake, nao hupewa na walio juu yao, mpaka ufike kwa mtu ambaye kwake njia ile ni mstari katika jedwali. Hatumlaumu dereva wala meneja. Tunasema tu kwamba mstari haujui kuna bibi.

Inafaa pia tuseme upande wa kampuni, maana zina hoja. Foleni za magari hupunguza mwendo wa basi, hivyo njia iliyohitaji mabasi sita sasa huhitaji manane kwa abiria wale wale. Watu wengi zaidi wana magari. Janga la Covid-19 liliondoa abiria, na baadhi hawajarudi. Na serikali ndiyo iliyokata ruzuku, si kampuni. Haya yote ni kweli. Lakini London nayo ina foleni, ina magari, na ilipitiwa na Covid.

London haikufunguliwa

Tulisema kwamba sheria ya 1985 iliiacha London nje. Huko mabasi yalibinafsishwa pia, kampuni za mabasi za jiji ziliuzwa mwaka 1994. Wanaoendesha mabasi mekundu leo ni pamoja na Arriva, Go-Ahead na Stagecoach, majina yale yale. Tofauti ni moja. London, mamlaka ya usafiri ya jiji ndiyo inayochora njia, inayopanga saa na kuweka nauli. Kampuni hushindana kwa zabuni kupata mkataba wa kuendesha njia iliyokwisha pangwa. Ikishinda hulipwa, ikichelewachelewa hukatwa, na haiwezi kuamka asubuhi ikafuta basi la Jumapili.

Matokeo yake yako wazi. Kati ya katikati ya miaka ya 1980 na mwaka 2014, safari za basi London ziliongezeka zaidi ya mara mbili. Katika miji mikubwa mingine ya England, muda huo huo, zilipungua kwa takriban nusu. London ilipewa ruzuku zaidi na ina watu wengi waliobanana, hilo tunalikubali. Hata hivyo, kampuni zile zile, madereva wa chama kile kile, mabasi ya viwanda vile vile, yamefanya kazi tofauti kwa sababu ratiba ilikuwa mikononi mwa mwingine.

Mwaka 2021 Philip Alston, aliyekuwa mtaalamu wa Umoja wa Mataifa kuhusu umaskini uliokithiri, alitoa na wenzake ripoti juu ya mabasi ya England, Scotland na Wales. Waliandika kwamba ubinafsishaji huu umewanyima watu kazi, matibabu na elimu. Tulipoisoma tulizikumbuka zile karatasi zetu tatu.

Nyuki wa Manchester

Mji wa kwanza kurudi nyuma ni Manchester. Sheria ya mwaka 2017 iliwapa mameya wa majimbo ya miji uwezo wa kuchukua tena usimamizi wa mabasi. Meya Andy Burnham aliamua kuutumia mwaka 2021. Kampuni mbili zilimpeleka mahakamani, na mwaka 2022 mahakama ikazikatalia. Tarehe 24 Septemba 2023 mabasi ya manjano yenye alama ya nyuki, inayotambulisha mji huo, yalianza Bolton na Wigan. Tarehe 5 Januari 2025 eneo lote la Greater Manchester likawa ndani ya mfumo huo. Kabla yake palikuwa na kampuni zaidi ya 30, kila moja na tiketi zake. Sasa mamlaka inapanga njia na nauli, na kampuni zinaendesha kwa mkataba, kama London. Serikali ilipopandisha kikomo cha nauli ya England kutoka £2 hadi £3 mwaka 2025, Manchester ilibaki na £2.

Wengine wameanza kufuata. Mameya wa Liverpool, West Yorkshire na South Yorkshire wameamua kwenda njia hiyo hiyo, na mwaka 2025 Bunge lilipitisha sheria inayorahisisha jambo hilo kwa halmashauri nyingine, tena inayoruhusu tena miji kuanzisha kampuni zake za mabasi. Baadhi ya miji haikuwahi kuuza zake. Nottingham, Reading na Edinburgh mpaka leo wana kampuni zinazomilikiwa na halmashauri, na wenzetu wanaosoma huko hutucheka tunapolalamika.

Wazee wetu wanatuonya

Tulipowasimulia wazazi habari hizi kwa furaha, hawakupiga makofi. Baba mmoja kutoka Dar es Salaam alitukumbusha UDA, shirika la umma la usafiri wa jiji lililoundwa mwaka 1974. Ratiba ilikuwa mikononi mwa umma, alisema, lakini mabasi yalikuwa gereji yakingoja vipuri, na watu walining'inia milangoni. Mwaka 1983 serikali ikaruhusu mabasi ya watu binafsi, na nauli ya shilingi tano, yaani dala, ikazaa jina la daladala. Mama mwingine akaongeza Nyayo Bus, shirika la serikali ya Kenya lililoanza mwaka 1986, mwaka ule ule Uingereza ilipofungua soko. Katikati ya miaka ya 1990 lilikuwa limekwisha.

Wana haki. Ratiba kuwa mikononi mwa umma hakuleti mafuta wala vipuri. Mamlaka ikichukua njia, inachukua na hasara yake, na abiria wakiwa wachache pengo litazibwa kwa kodi. Ndiyo maana tunasema jambo dogo kuliko "mabasi yawe ya serikali". Tunasema anayepanga njia na saa awe mtu tunayeweza kumpigia kura, na hesabu ziwe wazi. Mali bila daftari hupotea bila habari, iwe ya shirika la umma au ya mfuko wa Miami.

Kazi tuliyonayo

Ndugu msomaji, kabla mamlaka haijabadilisha mfumo wa mabasi, sheria inaitaka iwaulize wananchi. Hojaji hizo huwekwa wazi kwa wiki kadhaa, na tumeona kwamba wanaozijaza zaidi ni watu wenye muda na wenye Kiingereza cha ofisini. Mama wa zamu ya Jumapili hajazi. Bibi wa kliniki ya macho hajazi. Hapo ndipo sisi, tunaojua lugha zote mbili, tunafaa.

Klabu imeamua mambo matatu. Kwanza, muhula huu mikutano itaanza saa 10 jioni, ili wenzetu wa mbali wanywe chai kwa utulivu. Pili, kila hojaji ya mabasi ikitoka katika eneo letu tutakaa Jumamosi moja na wazazi na majirani wanaotaka, tuwasomee maswali kwa Kiswahili na kuandika majibu yao kwa Kiingereza, kwa maneno yao wenyewe. Tatu, tunaendelea kukusanya safari zilizoshindikana. Usituandikie kwamba huduma ni mbaya, kila mtu anajua. Tuandikie njia, siku, saa, na ulikuwa unakwenda wapi. Mpangaji wa njia anaweza kuifanyia kazi sentensi kama "Jumapili, saa 12:20 asubuhi, kutoka kijijini hadi nyumba ya wazee".

Wanachama wa mbali, karatasi zenu ziko katika sanduku la klabu, na nafasi bado ipo. Mkija Jumatano, njooni na ratiba ya njia yenu. Kama njia haina ratiba tena, njooni na saa ambayo mngetaka basi lipite.